ANTENI YA FONI JUU YA PAA: KUITUNZA NA KUTAFUTA UGONJWA WAKE



Kila siku munapita chini ya ile waya ndefu iliyofungwa toka paa la ofisi mpaka kwenye muembe, na wengine munafikiri ni kamba ya kuanikia nguo. (Mmoja wa mwaka wa pili alianika kweli shati yake pale. Jina lake nalifunika.) Ile waya ndiyo anteni ya foni. Simu za mkono tunazo, lakini mnara ukizimika, ao mvua ikibeba daraja kwenye barabara ya Uvira, ni foni peke yake inayobaki na mdomo.

Naandika somo hili kwa sababu ya usiku mmoja wa muhula wa kwanza. Mtoto wa mwaka wa kwanza alishikwa na tumbo vikali. Muganga alitaka kuita gari, prefe akawasha foni. Tuliwasikia watu wa Uvira wazi kabisa, wanapeana habari zao, lakini kila tulipowaita hakuna aliyejibu. Papa mlinzi akaniambia: «Kapita, foni imekufa.» Nikamwambia: «Haikufa, Papa. Iko inasikia, ila haisemi.» Mtoto alibebwa kwa pikipiki katika giza na matope, amekaa kati ya watu wawili wazima. Alipona, na leo yuko darasani. Asubuhi nilipanda juu ya paa, nikaona kosa, na lilikuwa kosa la mkono wangu.

Mbele ya pale upepo ulikuwa umekata waya ya shaba. Mimi niliiunga kwa kipande cha waya ya chuma, ile ya kufungia uzio, nikasokota tu, nikazungushia utepe mweusi. Kwa macho ilikuwa safi. Lakini shaba na chuma vikiguswa na maji pamoja vinakulana, na utepe wangu uliyafungia maji ndani badala ya kuyazuia. Nilipoufungua, shaba ilikuwa kijani na chuma kimegeuka unga wa kutu.

Sasa, kwa nini ilisikia lakini haikusema? Sauti inayotoka mbali inafika ikiwa ndogo sana, na redio yenyewe inaikuza, kwa hiyo hata njia mbaya inatosha. Kusema ni kazi nyingine: redio inasukuma wati 100 ndani ya waya, na pale penye kiungo kibovu nguvu inakataa kupita, inarudi nyuma kama wimbi la ziwa linalogonga jiwe. Kuna kipimo kidogo cha kuonyesha nguvu inayorudi. Kikisoma 1 kwa 1, hakuna kinachorudi. Kikisoma 2 kwa 1, karibu sehemu 11 katika 100 zinarudi, na kazi inaweza kuendelea. Kikisoma 3 kwa 1, robo nzima inarudi, na redio inaanza kupata moto. Hapo acha kusema, usije ukaiunguza. Siku ile tungelitazama hicho kipimo tungelijua mara moja, lakini kilikuwa kwenye kabati na ufunguo kwa mtu aliyesafiri. Tangu siku hiyo kinakaa juu ya meza.

Ukikuta foni haisemi, usikimbilie ngazi. Anza na batri. Bonyeza kitufe cha kusema huku ukitazama volti: zikianguka chini ya 11, batri ndiyo mgonjwa, anteni haina hatia. Kisha tazama kichwa cha kebo nyuma ya redio, kikaze kwa mkono. Mara nyingi mfagiaji amekivuta bila kujua, na matata yote yanaishia hapo.

Ikiwa si hiyo, chomoa kebo na ulete multimeta. Kebo ina waya ya kati na wavu unaoizunguka, na kwa anteni ya namna yetu hizo mbili hazipaswi kugusana. Mshale ukionyesha zinagusana, kuna maji ndani ao msumari umetoboa. Halafu mwenzako wa juu azitenganishe na anteni na kuziunganisha pamoja: sasa mshale unapaswa kuonyesha njia. Usipoonyesha, kebo imekatika mahali fulani. (Kama anteni ina transfoma pale katikati, kipimo cha kwanza kitakudanganya, maana transfoma inaunganisha hizo mbili. Yetu haina.)

Kebo ikiwa nzima, ndipo ugonjwa uko juu, na karibu kila mara ni kiungo cha katikati, pale kebo inapokutana na mikono miwili ya waya. Unga shaba kwa shaba, lehemu, kisha zungushia mpira wa ndani wa baiskeli ukiuvuta sana, toka chini kwenda juu, ili maji yateremke kama kwenye manjanja ya paa. Mbele ya kebo kuingia dirishani, iache ining'inie kama herufi U, maji yadondoke pale chini yasifuate kebo mpaka kwenye redio. Vile vipande vya kushika ncha za waya tulikata kwenye bidoni la zamani, vinafaa sana. Kamba ya nailoni inaliwa na jua, ivute kila mwezi uone kama inatoa unga. Nguzo ya mti unaijua adui yake: mchwa.

Ukibadilisha waya yote, urefu una hesabu. Gawanya 142.5 kwa namba ya MHz, utapata metre za waya yote. Kwa 7.1 MHz, pahali pa wapenzi wa redio, ni metre 20 na kidogo, yaani 10 kila upande. Kituo cha kazi kina namba yake kwenye ruhusa, hesabu ni ile ile. Kata ndefu kidogo kwanza. Kupunguza ni rahisi, kurefusha ni kuongeza kiungo, na viungo mumeviona. Tena, waya isilale karibu na manjanja, yanaharibu kipimo. Lakini haihitaji mnara. Ikiwa metre chache juu ya paa, inatupa mawimbi juu angani, nayo yanarudi chini ng'ambo ya milima. Kwetu, milima ya Itombwe ikiwa mbele, hiyo ndiyo njia nzuri ya kufika Bukavu.

Kitu kimoja si ugonjwa. Usiku wa manane mpaka karibu na asubuhi, 7 MHz mara nyingi inawaruka majirani na kufika mbali, hata unasikia vituo vya nchi nyingine wakati Uvira imenyamaza. Usipande paa kwa sababu hiyo. Ngoja jua, ao shuka kwenye namba ya chini kama ruhusa yako inayo.

Sasa radi. Watu walipohesabu radi kwa satelaiti na kutangaza hesabu yao mwaka 2016, pahali pa kwanza katika Afrika palikuwa Kabare, hapa hapa Kivu ya Kusini: mimweko 205 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Katika dunia yote Ziwa Maracaibo la Venezuela ndilo lilipita, na 233. Radi haihitaji kupiga anteni yenyewe, ikianguka karibu tu inatosha kuua redio. Kwa hiyo mawingu yakija, chomoa kebo na uitupe nje ya dirisha. Ukiona mmweko hesabu sekunde: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ngurumo ikifika mbele ya 30, aliye juu ya paa ashuke, hata kama kiungo kimebaki nusu. Na wakati wowote usipande peke yako. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, chini yake kuna mbao. Grupu izimwe kwanza kama waya zake ziko karibu.

Jumamosi saa tisa, kama hakuna mvua, tutashusha anteni na kukitazama kile kiungo nilichokirudilia. Wanaotaka kujifunza kulehemu waje na kipande cha mpira wa baiskeli. Ngazi tutaazima kwa Papa mlinzi, na mwenye shati ile anaweza kuja kuichukua.