Kuhama Dar kwenda Morogoro: faida na hasara

Swali: Je, familia inayopanga Dar es Salaam itanufaika ikihamia Morogoro?

Jibu: Kwa makazi, ndiyo. Kodi ya nyumba na bei ya viwanja hushuka, foleni hupungua, na mboga za milima ya Uluguru hufika sokoni zikiwa mbichi.

Ajira ndiyo mtihani. Nje ya vyuo, viwanda, kilimo na ofisi za serikali, nafasi ni chache. Treni ya SGR, iliyoanza Juni 2024, hufika Dar kwa chini ya saa mbili, lakini nauli ilianza kwa shilingi 13,000: kwenda na kurudi ni 26,000 kwa siku. Anayefanya kazi Dar kila siku ataumia.

Familia ipange kwanza mwaka mmoja, ndipo inunue kiwanja, tena baada ya kuhakiki hati ofisi ya ardhi.