Mama Akamatwapo, Mtoto Yuko Wapi?

Somo kwa askari, viongozi wa mitaa na wakazi wa Kamwokya

Askari amkamatapo mtu, huandika jina moja katika daftari la kituo. Lakini mtuhumiwa akiwa ni mama anyonyeshaye, au mwanamke mwenye mimba, walioguswa na kitendo hicho ni wawili, na wa pili hakutuhumiwa kwa kosa lolote. Somo la toleo hili lamhusu huyo wa pili. Twataka msomaji aelewe jambo moja: mara nyingi hatima ya mtoto huamuliwa katika saa za kwanza kituoni, siku nyingi kabla hakimu hajalifungua jalada la mama yake.

Katika mtaa wetu jambo hili haliko mbali. Kamwokya ina vyumba vingi vilivyobanana, na akina mama wengi huondoka alfajiri kwenda sokoni, kuuza chakula kando ya barabara, au kufua nguo katika nyumba za watu. Mtoto huachwa kwa jirani, au kwa dada yake mwenye umri wa miaka minane, au, mambo yakizidi, nyuma ya mlango uliotiwa kufuli. Mama huyo akikamatwa saa nne asubuhi kwa sababu ya ugomvi wa bombani au tuhuma ya wizi, huenda nyumbani asiwepo mtu yeyote ajuaye kwamba hatarudi jioni.

Sheria yasemaje

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 23, yaamuru kwamba aliyekamatwa aelezwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili. Akiomba, jamaa zake wa karibu wajulishwe mapema iwezekanavyo. Akiugua, aruhusiwe kupata matibabu. Asipoachiwa, afikishwe mahakamani upesi, wala zisipite saa 48. Ibara ya 24 yakataza kumtesa mtu au kumdhalilisha, na ibara ya 44 yasema kwamba katazo hilo halilegezwi kwa sababu yoyote. Ibara ya 33 yaitaka Serikali iwalinde wanawake kwa kuzingatia hali yao ya pekee na jukumu lao la asili la uzazi. Ibara ya 34 yampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na kulelewa nao.

Zipo na sheria nyingine. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuchunga heshima yake. Na tangu Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019, mtumishi wa umma avunjaye haki ya mtu aweza kuwajibishwa yeye binafsi. Sare haimfichi.

Mataifa nayo yamekubaliana. Mnamo Desemba 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Bangkok, ambazo ni kanuni 70 kuhusu wanawake waliofungwa na wahalifu wanawake. Zasema kwamba mama mwenye watoto wanaomtegemea apewe nafasi ya kuwapangia malezi kabla ya kuingia kifungoni au anapoingia. Zakataza kumfunga mwanamke pingu au minyororo akiwa na uchungu wa kuzaa, anapojifungua, na mara tu baada ya kujifungua.

Maswali matatu ya saa ya kwanza

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Kwa hiyo saa 48, ambazo kwa mtu mzima ni siku mbili za dhiki, kwa mtoto huyo ni kunyonya mara 16 au zaidi. Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba kila askari wa zamu, ampokeapo mwanamke, amwulize maswali matatu na kuyaandika majibu yake:

1. Je, una mimba, au umejifungua karibuni?
2. Je, unao watoto unaowalea, na yupo anayenyonya?
3. Wako wapi sasa hivi, na nani yuko nao?

Tuchukue mfano wa kufundishia, ambao si kisa cha mtu fulani. Mwanamke auzaye ndizi za kuchoma atuhumiwa kwamba amekula fedha za kikundi cha akiba. Aletwa kituoni akiwa amenyamaza. Wengi hunyamaza, kwani huogopa kwamba wakimtaja mtoto watanyang'anywa. Askari amwuliza maswali matatu kwa upole, na yajulikana kwamba mtoto wa miezi minne yuko chumbani na dadaye mdogo. Sasa askari ana njia kadhaa. Aweza kumpa mama simu ampigie jamaa yake. Aweza kumpata mwenyekiti wa LC aende pale nyumbani. Aweza kuagiza mtoto aletwe anyonye. Aweza kukiita kitengo cha polisi cha kulinda familia na watoto. Na kama kosa na mazingira vyaruhusu, mkuu wa kituo aweza kumwachia kwa bondi ya polisi, akiahidi kurudi siku atakayoitwa. Bondi ni bure. Yeyote adaiye fedha ili aitoe atenda kosa, naye ashtakiwe.

Hapa lazima tuseme jambo kwa ajili ya mlalamikaji pia. Wanakikundi waliopoteza akiba yao nao ni akina mama, nao wana watoto. Bondi haifuti kesi, wala huruma haifuti kosa. Upelelezi utaendelea, na mtuhumiwa akihitajika ataitwa. Lakini kumwacha mtoto wa miezi minne na njaa hakurudishi hata shilingi moja. Tena, kama uchunguzi utaonyesha kwamba lililopo ni deni tupu, pasipo wizi wala udanganyifu, basi hilo ni shauri la madai na mahali pake ni mahakama ya madai. Chumba cha mahabusu si chombo cha kukusanyia madeni.

Kwa mwenye mimba, askari asingoje kuombwa. Akiona mwanamke anatokwa na damu, anaumwa sana kichwa na macho yanaona ukungu, amevimba uso na mikono, ana degedege, chupa ya uzazi imepasuka, au akisema mtoto hachezi tumboni, ampeleke hospitali mara moja. Maandishi yatakamilishwa baadaye. Mulago ipo jirani nasi, na kwa sisi wa Kamwokya umbali si udhuru.

Mahakamani na gerezani

Mama afikapo mbele ya hakimu, aseme hali yake waziwazi: mimba ina miezi mingapi, watoto ni wangapi, na nani anawalea. Asipoisema, hakimu hataijua. Aweza kuomba dhamana ya mahakama. Akipatikana na hatia kwa kosa dogo, yaani lile ambalo mahakama yaweza kulitolea kifungo kisichozidi miaka miwili, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000 yamruhusu hakimu kumpa kazi ya manufaa kwa umma badala ya kifungo. Mama hufanya kazi hiyo mchana na kulala nyumbani na watoto wake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 waagiza, katika ibara ya 30, kwamba adhabu isiyo ya kifungo ifikiriwe kwanza kila ahukumiwapo mama wa namna hii.

Umuhimu wa kusikilizwa ulionekana katika kesi mashuhuri ya Susan Kigula, mama aliyehukumiwa kifo kwa mauaji. Tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu iliamua, katika shauri lake na la wenzake 417, kwamba sheria haiwezi kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila kuzisikiliza hali za mshtakiwa. Baadaye adhabu yake ilipunguzwa, na mwaka 2016 akatoka gerezani. Kuhusu mwenye mimba, sheria yetu ilikwisha kusema zamani: akionekana na hatia ya kosa la kifo, hukumu yake ni kifungo cha maisha, wala si kifo. Sheria hiyo yamkinga yule aliye tumboni.

Mama akifungwa, Sheria ya Magereza ya mwaka 2006 yaruhusu mtoto wake mchanga apokelewe pamoja naye na apewe mavazi na mahitaji mengine na Serikali hadi atimize miezi 18. Kisha hukabidhiwa jamaa au rafiki aliye tayari na mwenye uwezo wa kumlea. Asipopatikana, hupelekwa kwa mamlaka ya ustawi wa jamii. Gereza la Wanawake la Luzira lina kituo cha kulelea watoto hao. Mtoto aishiye humo si mfungwa, na kanuni za Umoja wa Mataifa ziitwazo Kanuni za Mandela zaagiza kwamba aliyezaliwa gerezani asiandikiwe jambo hilo katika cheti chake cha kuzaliwa.

Wajibu wetu wakazi

Wahenga walisema: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini mzazi akiwa nyuma ya nondo, uchungu huo hauna budi kubebwa na jirani. Ukimwona jirani yako amekamatwa, usiishie kusimulia. Nenda mlangoni kwake, uulize watoto wako wapi. Mjulishe mwenyekiti wa LC na makamu wake, ambaye kisheria ndiye katibu wa ustawi wa watoto katika baraza la kijiji. Namba ya simu 116, ambayo haina malipo, ipo kwa ajili ya mtoto aliye hatarini. Wanasheria wanawake wa FIDA Uganda, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1974, hutoa msaada wa kisheria kwa wanawake wasio na uwezo.

Nawe mama, jiandae kabla ya siku mbaya. Kariri namba za simu za watu wawili unaowaamini, na umwambie mmoja wao mahali unapoacha ufunguo. Ukikamatwa, mtaje mtoto wako mara moja. Kumtaja ni haki yako, na ndiyo kinga yake.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya kijiji na ya askari

1. Katika kijiji chetu, nani atamchukua mtoto ambaye mama yake amekamatwa usiku?
2. Je, mwenyekiti wa LC na mkuu wa kituo wanazo namba za simu za kila mmoja?
3. Tutamtendeaje haki mlalamikaji bila kumwadhibu mtoto wa mtuhumiwa?