Uzamili wa Vikaragosi

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Soni, Lushoto, nina shahada ya sanaa za maonyesho. Nataka kusomea vikaragosi ngazi ya uzamili. Niende wapi?

JIBU: Mwalimu, shule yenye jina kubwa iko Marekani, Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako Frank Ballard alianzisha masomo ya vikaragosi mwaka 1964. Huko mwanafunzi huchonga, hushona na kucheza mwenyewe. Karo yake ni nzito. Tafuta ufadhili kwanza.

Mimi ningeanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: uzamili wa sanaa za maonyesho, vikaragosi viwe mada ya tasnifu. Mada haikosekani. Wasukuma na Wanyamwezi wamecheza ngoma na vikaragosi vya mti. Nairobi, Mtanzania mwenzetu Gado alibuni The XYZ Show, kipindi cha televisheni kilichoanza 2009, ambamo vikaragosi vya mpira viliwasema wanasiasa waziwazi. Hicho peke yake kinatosha tasnifu nzima, na ningefurahi sana kuisoma.

Popote utakapoomba, watataka kuona kazi ya mikono yako. Tengeneza vikaragosi sasa, cheza hadithi ya Kisambaa mbele ya wanafunzi wako, irekodi, kisha uitume pamoja na maombi.