Kabla ya Vidonge vya Kucha, Tazama Beseni la Vyombo

SWALI: Mimi ni mama lishe hapa Morogoro, nina miaka 38. Kwa muda mrefu sasa kucha zangu za mikono zinachanika nchani na kukatika kabla hazijarefuka. Wenzangu wanasema nimepungukiwa kalsiamu. Kwenye duka la dawa nimeonyeshwa vidonge vya biotini, lakini bei yake si ndogo. Ninunue?

JIBU: Usinunue kwanza, dada yangu. Kazi yako imekwisha kutaja mshukiwa mkuu, nao ni maji na sabuni. Ukucha tunaouona ni seli zilizokufa, zilizojaa protini iitwayo keratini na kubanana tabaka juu ya tabaka. Sehemu iliyo hai ni shina, lililojificha chini ya ngozi pale ukucha unapoanzia. Kile kipande cheupe chenye umbo la mwezi mchanga kwenye kidole gumba ni sehemu yake inayochungulia nje. Ukucha wa mkono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, hivyo ncha inayochanika leo ilitoka shinani miezi kadhaa iliyopita. Tangu hapo hakuna chakula wala dawa iliyoweza kuifikia na kuitengeneza. Lishe hujenga ukucha utakaoota. Uliokwisha kuota hauna wa kuulisha, unalindwa tu.

Na wako haujapata ulinzi. Ukucha hunyonya maji ukavimba, ukikauka unasinyaa. Ukifanyiwa hivyo mara nyingi kwa siku, kile kinachoshikanisha matabaka yake hulegea, na sabuni ya unga au jiki huondoa hata yale mafuta kidogo yaliyokuwa yakiuhifadhi. Mwishowe ncha huachana kama chapati ya kusukuma. Unaweza kulipima hili mwenyewe nyumbani bila gharama: tazama kucha za miguu. Kama za miguuni ni nzima na za mikononi ndizo zinazochanika, basi kwa kawaida chanzo kiko nje ya mwili, katika yale mikono inayoyagusa. Damu inayolisha vidole vya miguu ndiyo hiyo hiyo inayolisha vya mikono. Tofauti ni kwamba miguu haioshi sufuria.

Suala la kalsiamu limeshika mizizi kwa sababu watu huufananisha ukucha na mfupa. Ugumu wa ukucha hautokani na kalsiamu, ambayo imo humo kwa kiasi kidogo mno, chini ya asilimia 1. Unatokana na vifungo vya salfa vinavyoshikilia nyuzi za keratini. Hata vile vidoa vyeupe ambavyo wengi huvihesabu kuwa ushahidi wa upungufu wa kalsiamu, mara nyingi ni alama za shina kugongwa au kubanwa, na husogea mbele kadiri ukucha unavyokua.

Biotini nayo inastahili kusikilizwa kwa haki, maana haikuzuka hewani. Madaktari wa mifugo walianza kuitumia kuimarisha kwato, kisha katika miaka ya 1980 na 1990 watafiti wa Ulaya wakawapa watu wenye kucha dhaifu miligramu 2.5 kwa siku, na baadhi yao wakapata nafuu. Lakini tafiti hizo zilihusisha watu wachache, na nyingine hazikuwa na kundi la kulinganisha. Utaniambia kuna jirani aliyemeza akapona. Inawezekana. Ila vidonge hivyo humezwa kwa miezi mingi, na anayejali kucha kiasi cha kuvinunua, aghalabu katika miezi hiyo huzipaka pia mafuta na kuzipumzisha na kucha za kubandika. Kipi kimemponya? Tena kuna hatari isiyoandikwa kwenye kopo. Mahitaji ya mtu mzima ni takriban mikrogramu 30 tu kwa siku, wakati vidonge vingi vina 5,000 au zaidi. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba kiwango kikubwa kinaweza kupotosha majibu ya maabara, yakiwemo ya kipimo cha troponini kinachotumika kugundua shambulio la moyo. Ukishaanza kuvitumia, mwambie daktari kabla hajakupima damu.

Najua pingamizi lako: mama lishe hawezi kuacha kuosha vyombo. Siombi uache. Vyombo vinaweza kurundikwa vikaoshwa kwa awamu mbili au tatu badala ya kimoja kimoja kutwa nzima. Glavu za mpira zinapatikana sokoni kwa bei ya chini kuliko kopo la vidonge, na zikivaliwa juu ya glavu nyepesi za pamba, jasho halikai kwenye ngozi. Kila baada ya kuosha, kausha mikono na upake mafuta ya mgando au ya nazi kwenye kucha na kwenye ngozi inayozizunguka, hasa usiku. Zikate fupi. Dawa ya kugumisha kucha yenye fomalini iache, maana hugumisha mwanzoni, kisha ukucha hukakamaa na kukatika. Kitunguu saumu kibichi nacho kiishie jikoni. Kikifungwa juu ya ngozi huweza kuiunguza vibaya.

Lipo eneo moja ambapo wanaosema "ni lishe" huwa na haki, nalo ni upungufu wa madini ya chuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliwakuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na upungufu wa damu. Chuma kikipungua sana, ukucha huwa mwembamba na kubonyea katikati, hadi tone la maji likiwekwa juu yake hutulia humo bila kumwagika. Ukiona hivyo, au ukichoka bila sababu, au hedhi ikiwa nzito, nenda kituo cha afya upimwe wingi wa damu. Kisha dagaa, maini, maharage na mboga za majani viwe na chungwa au limau pembeni, na chai isinywewe pamoja na mlo, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa.

Mstari mweusi unaotoka shinani hadi nchani ni jambo la kawaida kwa sisi wenye ngozi nyeusi, hasa ukionekana kwenye vidole kadhaa. Lakini ulio peke yake, uliojitokeza ukubwani, unaopanuka au kumwaga weusi kwenye ngozi ya pembeni, haupakwi rangi ukafichwa, kwani unaweza kuwa dalili ya saratani. Saratani iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, akiwa na miaka 36, ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Dada yangu, anza na glavu na mafuta leo, uzipe kucha miezi sita. Na ukiuona mstari wa namna hiyo, usisubiri hata wiki, nenda hospitali.