SOMO: TUMBO LA MNYAMA NA DAWA YA MINYOO



Mvua ndefu ikishanyesha, majani huota haraka Nyakach, uwanda wa Kano na Seme. Minyoo nayo huzidi. Vikundi vingi huchanga pesa na kununua chupa moja ya dawa kwa mbuzi wa wanachama wote. Lakini mara nyingine wiki mbili zapita na mbuzi bado ana uvimbe chini ya taya, na ndani ya kope kumekuwa kweupe. Tunasema, "Dawa ilikuwa feki!" Yawezekana. Lakini tujiulize pia: siku ile mbuzi alikunywa dawa akiwa ameshiba?

Dawa hupitaje tumboni?

Mbuzi, kondoo na ng'ombe wana tumbo la vyumba vinne. Chumba kikubwa ni kama pipa. Dawa nyeupe ya kunywesha, aina ya albendazoli, huyeyuka polepole ndani ya pipa hilo na kuingia damuni kidogo kidogo. Mnyama akiwa ameshiba majani mabichi, chakula husukumana kwenda mbele na kuondoka na dawa mapema. Akiwa na chakula kidogo tumboni, dawa hukaa zaidi na nyingi huingia damuni. Watafiti wa Australia waliona jambo hili kwa kondoo miaka ya 1990.

Tufanye hivi:

1. Jioni tuwafungie bila majani kwa saa 12 hivi, mpaka asubuhi. Maji wapewe.

2. Tupime uzito, tusikisie. Dawa kidogo huwazoesha minyoo, hata dawa ishindwe kabisa. Mbuzi huhitaji kipimo kikubwa kuliko kondoo. Tumuulize daktari wa mifugo.

3. Kichwa kiwe sawa, pua isiinuliwe juu. Dawa ipitie pembeni mwa mdomo, nyuma ya ulimi, polepole, isije ikaingia mapafuni.

4. Tungoje saa chache kabla ya kuwaachilia malishoni.

Tusimfungie njaa mbuzi mwenye mimba kubwa, mnyama dhaifu, wala mtoto anayenyonya. Mwenye mimba changa asipewe albendazoli. Dawa za levamisoli hazihitaji mnyama alale njaa. Na maziwa yasinywewe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

Je, punda?

Punda wa mkokoteni si mbuzi. Tumbo lake ni moja, tena dogo. Majani huchachuka huko nyuma, kwenye utumbo mpana. Akikosa chakula kwa muda, mafuta ya mwili hufurika damuni na anaweza kufa. Basi punda asilale njaa kwa ajili ya dawa.

Hata hivyo, chakula humgusa pia. Mwaka 1986 watafiti Maitho, Lees na Taylor walieleza kuwa farasi wadogo waliokuwa wakila nyasi kavu, dawa ya maumivu iitwayo fenilbutazoni ilichelewa kuingia damuni. Kwa hiyo punda anayechechemea akipewa dawa ya maumivu na asipate nafuu upesi, usimwongeze nyingine. Ya kwanza huenda ingali njiani, na mbili pamoja zaweza kumdhuru. Muulize daktari kwanza.

Na sisi watu?

Mambo ya mbuzi tusiyapeleke nyumbani! Vidonge vya malaria vya AL, vinavyotumika Kenya tangu 2006, huingia damuni vizuri zaidi mtu akila chakula chenye mafuta kidogo au akinywa maziwa. Mtoto asinyimwe uji kwa sababu anakunywa dawa.

Mithali 27:23 inatukumbusha kuijua hali ya mifugo yetu. Kuijua ni pamoja na kujua kilichomo tumboni.

Maswali ya kujadiliana:

1. Mara ya mwisho tulinywesha dawa saa ngapi? Wanyama walikuwa wametoka malishoni?

2. Ni mbuzi gani katika kikundi chetu wasiopaswa kulala njaa?

3. Nani atatunza kamba ya kupimia uzito?