Mwongozo: Kufikisha Hoja ya Nishati Wakati wa Bunge la Bajeti

Mwongozo huu unawahusu viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mafundi na wafanyabiashara wadogo wa Tanzania wanaotaka sauti yao isikike bajeti ya nishati inapojadiliwa Dodoma. Kila hatua ya bajeti ina kanuni zake, na hoja iliyochelewa hatua moja huishia kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge) bila kugusa tarakimu yoyote.

1. Tambua hoja yako iko wapi
Nguzo, transfoma, kukatikakatika kwa umeme na usambazaji vijijini ni mambo ya Fungu 58, Wizara ya Nishati. Kodi na tozo hazimo humo. Kodi ya majengo inayokatwa mtu anaponunua LUKU tangu 2021, na Sh100 iliyoongezwa kwenye lita ya petroli na dizeli mwaka 2023, zote zilipitia Muswada wa Sheria ya Fedha, ulio mikononi mwa Waziri wa Fedha. Dereva wa bodaboda anayelalamikia kodi ya mafuta asimsubiri Waziri wa Nishati.

2. Wahi kamati
Kamati ya Nishati na Madini hupitia makadirio ya wizara kabla ya Mkutano wa Bajeti kuanza Aprili. Wajumbe huhoji fedha kasma kwa kasma, na Serikali bado ina nafasi ya kurekebisha. Mwandikie Katibu wa Bunge barua fupi: eneo gani, tatizo limeanza lini, limewaathiri wangapi, mnaomba nini. Kwa suala la kodi, elekeza maoni kwa Kamati ya Bajeti, ambayo husikiliza wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha.

3. Jua mipaka ya mbunge
Kwa Ibara ya 99 ya Katiba, pendekezo la kuongeza kodi au matumizi ya Mfuko Mkuu hutoka kwa Rais na kuwasilishwa na Waziri. Mbunge anaweza kupendekeza kupunguza. Basi usimwombe akuongezee fedha. Mwombe aibane Serikali mpaka itoe ahadi yenye tarehe.

4. Jiandae kwa Kamati ya Matumizi
Waziri akishahitimisha hoja yake, Bunge zima hukaa kama Kamati ya Matumizi. Ikifika zamu ya mshahara wa Waziri, mbunge asiyeridhika na sera hushika shilingi: hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo hadi apate maelezo. Bajeti haipungui kwa shilingi hiyo, ila Waziri hulazimika kujibu papo hapo. Mbunge akiridhika huirudisha. Asiporidhika, wenzake huchangia na kura hupigwa. Muda ukiisha hufuata gilotini, na mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila mjadala. Kwa hiyo mpe mbunge wako hoja moja nzito, si kumi.

5. Usitegemee kura ya mwisho
Mwezi Juni bajeti kuu hupigiwa kura kwa kuita majina. Ikikataliwa, Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge, kwa hiyo wabunge wachache huthubutu. Julai 2011, wakati wa mgawo mkali wa umeme, wabunge waliyapinga vikali makadirio ya Wizara ya Nishati na Madini; Serikali ikayaondoa kabla ya kura, ikayarudisha Agosti pamoja na mpango wa dharura wa umeme. Wakati huo vikao vya bajeti viliendelea hadi Agosti. Tangu 2013 huanza Aprili ili kazi iishe kabla ya Julai 1, na nafasi ya kurudisha makadirio imekuwa finyu.

6. Fuatilia ahadi
Mkutano ukiisha, tafuta Hansard ya siku husika, nakili maneno ya Waziri na tarehe yake, kisha uyaambatishe kwenye barua ya mwaka unaofuata. Kamati itakuwa na swali la kumuuliza Waziri ambalo hawezi kulijibu kwa kusema suala hilo ni geni kwake.