Kuchagua Antena ya Ndani kwa Redio ya Masafa Mafupi: Somo la Majaribio kwa Madarasa ya Juu

Mwanachuo anayeandaa somo la redio huanza kwa kuuliza kipindi kitatangazwa saa ngapi. Swali hilo ni la lazima, lakini si la kwanza. La kwanza ni kama mtoto aketiye dawati la nyuma atayapata maneno. Asipoyapata, andalio zuri na picha za ukutani hazitamfaa kitu.

Redio imefanya kazi kubwa katika elimu ya nchi hii. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, redio ikiwa katikati, kiongozi wa kikundi akiwa na kitabu mkononi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, makumi ya maelfu ya walimu walisomea kazi yao vijijini, wakifundisha huku wakifuata masomo ya posta na vipindi vya redio. Shule zilipofungwa kuanzia Machi hadi Juni mwaka 2020, masomo yalitangazwa tena hewani. Katika kila safari hizo kulikuwa na mtu aliyeshika redio, akiigeuza huku na huku, akitafuta mahali ambapo mikwaruzo ingepungua. Mtu huyo kwa kawaida alikuwa mwalimu.

Yafaa kukiri kwamba masafa mafupi hayana tena nafasi ile waliyoijua wazazi wetu. Vituo vingi vimepunguza matangazo hayo au kuyaacha, na redio za FM zimeingia mpaka vijijini. Hata hivyo idhaa kadhaa za kigeni zingali zikirusha kwa masafa mafupi kuelekea Afrika, na redio ndogo ya betri hukamata sauti iliyosafiri maelfu ya kilometa bila mnara wa jirani wala fedha za vocha. Kwa mwalimu wa sayansi, jambo hilo peke yake ni zana. Nalo swali la antena lina faida nyingine: jibu lake halimo kitabuni. Hutegemea paa, dirisha, saa, na vifaa vya umeme vilivyo katika jengo hilo hilo.

Shabaha iliyoandikwa vibaya

Katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingi huonekana andalio lenye shabaha ya namna hii: "Mwishoni mwa somo wanafunzi wataweza kueleza kwamba waya mrefu hupokea vizuri kuliko mfupi." Mwanachuo aliyeandika hivyo amekwisha kulimaliza jaribio kabla ya kulianza. Watoto watasikiliza, watatazama uso wa mwalimu, na watasema kile kinachotakiwa. Baya zaidi, kauli yenyewe si kweli wakati wote. Ndani ya jengo, waya mrefu uliopita karibu na nyaya za taa unaweza kuleta kelele nyingi kuliko sauti. Tena redio ndogo za bei nafuu huelemewa zinapofungwa waya mrefu mno: kituo chenye nguvu hujitokeza mahali pasipo pake, na vituo viwili huzungumza kwa pamoja.

Shabaha na iandikwe hivi: "Wanafunzi wataweza kulinganisha antena tatu kwa jaribio la haki na kutoa sababu ya uchaguzi wao." Hapo hata mwalimu hajui jibu mapema. Wapo wanachuo wanaoiogopa hali hiyo, wakidhani itawashushia heshima mbele ya darasa. Kwa maoni yangu, mtoto humheshimu zaidi mwalimu anayesikiliza pamoja naye.

Wimbi, bati na dirisha

Kabla ya jaribio, watoto wapate hesabu moja. Ukigawanya 300 kwa idadi ya megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Sauti ya Tanzania Zanzibar, kwa mfano, ilisikika kwa miaka mingi kwenye kilohezi 11,735, yaani megahezi 11.735. Ukigawanya, unapata mita 25.6 hivi, ndiyo sababu eneo hilo huitwa bendi ya mita 25. Robo ya wimbi hilo ni mita 6.4. Waya wa robo ya wimbi, ukiwa wazi hewani, hupokea vizuri sana. Ndani ya chumba, ukiwa umekunjwa kufuata kuta, hesabu hiyo hubaki kuwa mahali pa kuanzia tu.

Toka Zanzibar hadi Singida mjini ni zaidi ya kilometa 500 kwa mstari ulionyooka. Mawimbi mafupi huvuka umbali kama huo kwa kupanda angani na kurudishwa chini na tabaka la hewa lililotiwa chaji na jua. Kwa kuwa tabaka hilo hubadilika saa kwa saa, bendi pia hubadilika: mchana hufaa zaidi megahezi za juu, kama bendi ya mita 19 na ya mita 16, usiku hufaa zaidi za chini, kama bendi ya mita 49 na ya mita 41. Kituo kilichosikika vizuri saa mbili usiku kisipopatikana saa nne asubuhi, kosa si la antena.

Sasa tazama darasa lenyewe. Karibu shule zetu zote, toka Manyoni hadi Iramba, zimeezekwa kwa bati. Bati ni kinga ya mvua na ni kinga ya mawimbi pia. Yanayoshuka toka juu hurudishwa, na yanayoingia hupita katika kuta za tofali na madirisha. Lakini dirisha la upana wa mita moja ni tundu dogo sana kwa wimbi la mita 25. Nguvu inayopenya hapo hupungua upesi kadiri unavyoelekea katikati ya chumba. Na kama dirisha lina wavu wa chuma, hupungua zaidi. Kwa sababu hii hatua mbili za mwalimu kuelekea dirishani huweza kufaa kuliko mita tano za waya chini ya dari.

Wapo watoto ambao babu zao wangali wanakaa katika tembe. Waulizwe: redio husikika vipi ndani ya tembe? Paa la tembe ni miti na udongo, halina bati, na udongo mkavu huyapitisha mawimbi kwa urahisi kuliko chuma. Udongo uliolowa huyazuia zaidi. Mtoto anayetoka tembeni atakuwa na ushahidi ambao mwenzake wa nyumba ya bati hana, na mara moja nyumba ya babu inakuwa chombo cha sayansi. Swali hilo lisikosekane katika somo.

Antena tatu zinatosha

Ya kwanza ni mkonga wa redio yenyewe, uliovutwa wote, ambao kwa kawaida hauzidi mita moja. Ya pili ni waya wa mita tatu hivi, wenye gamba la plastiki, uliotandazwa kando ya dirisha mbali na nyaya za umeme. Menya ncha yake kiasi cha sentimeta mbili na uibane kwenye mkonga kwa kibanio cha nguo. Ya tatu ni waya wa mita sita au saba uliozungushwa ukutani, chini ya kenchi, umbali wa nusu mita au zaidi toka kwenye bati. Waya mwembamba wa kengele au wa spika mbovu unatosha kabisa. Unene wake haubadilishi mengi, kwa hiyo shule isinunue waya wa bei kubwa.

Ipo pia antena ya kitanzi, yaani waya uliofungwa kwenye fremu ya mti yenye pande za mita moja na kuunganishwa na kapasita ya kubadilika iliyotolewa katika redio mbovu. Kitanzi kidogo cha pili, upana wake kama moja ya tano ya kile kikubwa, huwekwa ndani yake na kuunganishwa na redio. Uzuri wake ni kwamba ukikigeuza hupunguza kelele inayotoka upande fulani. Kitanzi ni kazi nzuri ya klabu ya sayansi; kwa kipindi cha dakika arobaini ni kirefu mno.

Jaribio

Hapa ndipo wanachuo wengi hukosea. Hufunga antena ya kwanza, husikiliza dakika tano. Hufunga ya pili, husikiliza dakika tano. Kisha hutangaza mshindi. Katika dakika hizo tano mawimbi yenyewe yamekwisha fifia na kupata nguvu mara kadhaa. Kinacholinganishwa ni anga ya saa nne na dakika tano na anga ya saa nne na dakika kumi, wala si antena.

Dawa yake ni kubadilisha upesi na kurudia. Sikiliza antena ya kwanza kwa nusu dakika, ya pili kwa nusu dakika, ya tatu kwa nusu dakika, kisha rudi kwenye ya kwanza, na hivyo hivyo kwa zamu tano. Kituo kiwe kile kile, redio isisogezwe, na kitufe cha sauti kisiguswe. Mtoto mmoja abadilishe waya, mmoja atunze saa, na wasikilizaji wageuze migongo wasione ni waya upi umefungwa. Mtoto akiuona waya mrefu, sikio lake humwambia kile ambacho jicho limekwisha kuamua. Watu wazima nao wako hivyo hivyo.

Wapime nini? Ukubwa wa sauti hudanganya, kwa sababu redio nyingi zina sehemu inayoongeza ukuzaji mawimbi yanapokuwa dhaifu na kuupunguza yanapokuwa na nguvu. Tafuteni taarifa ya habari au mazungumzo kwa lugha ambayo watoto wanaielewa, na kila msikilizaji apige mstari mmoja daftarini kila neno linapompotea. Mistari ijumlishwe. Tuseme mkonga umepata mistari 31 katika zamu tano, na waya wa dirishani 14. Kabla ya kushangilia, darasa litazame zamu moja moja. Ikiwa waya wa dirishani umeshinda katika zamu nne au tano, kuna jambo la kuaminika. Ikiwa tofauti yote imetoka katika zamu moja tu, huenda mawimbi yalififia hapo, na jaribio lirudiwe. Somo hili la kusoma takwimu ni kubwa kuliko somo la antena, nalo halihitaji mashine yoyote.

Shule zenye umeme zifanye kazi moja ya ziada. Redio itumie betri, iwekwe mahali pasipo na kituo, na mtoto atembee nayo polepole chumbani huku mwenzake akichora ramani ya mikwaruzo. Kisha zimeni kimoja kimoja: chaja za simu, taa za kisasa zinazotumia umeme kidogo, mitambo ya umeme wa jua. Mara nyingi chaja moja ndogo huwa imefunika bendi nzima, na kuichomoa huleta nafuu ambayo waya wowote usingeileta. Kitendo hicho kifanyike kabla ya kulinganisha antena, la sivyo darasa litakuwa linapima chaja.

Kuna mambo ambayo hayana majaribio. Waya usiunganishwe kamwe na tundu la umeme wala kupita juu ya nyaya za taa. Usifungwe kwenye bati, na ncha yake isitolewe nje ya dirisha. Mvua za Mkoa wa Singida, toka Novemba hadi Aprili, huja na radi kali, na waya ulio nje huileta hatari mpaka mezani. Radi ikianza kusikika, hata kwa mbali, jaribio liahirishwe na waya uondolewe kwenye mkonga. Na mwalimu ndiye apandaye ngazi, si mtoto.

Matokeo yaandikwe kwenye karatasi ya ukutani pamoja na tarehe, saa, bendi na hali ya hewa. Wiki inayofuata darasa lirudie jaribio jioni, kwenye bendi ya mita 49, ambapo robo ya wimbi ni zaidi ya mita 12 na waya ule wa mita saba ni mfupi. Kabla ya kufungulia redio, kila mtoto aandike antena anayodhani itashinda na sababu yake.